Kipimo cha Kitako

Ndahani ananizidi kichwa, shingo na bega.
Mpiga picha huturudisha nyuma, halafu husema,
"Mama, panda tofali."
Picha zote za ndoa yetu nimesimama juu ya tofali.

Leo tumo dukani, mjini Dodoma,
barua ya mtendaji imekunjwa mara nne,
mhuri wa polisi bado unanuka wino.
Waliiba pampu ya shamba la zabibu, Hombolo.
Wiki ya pili wakachukua mbuzi wanane.
Wiki ya tatu wakagonga.
Waligonga kwa adabu kabisa, kama wageni.
Ndahani alikuwa Nzega na lori.
Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mchi.

Wezi tungewavumilia. Hiyo hodi ndiyo iliyotuleta hapa.

Muuzaji, Bwana Chilongani, hana kidole cha shahada.
Hatukumuuliza.
Alitoa ya mitutu miwili, ubavu kwa ubavu.
Ndahani akaitwaa, ikamkaa:
shavu kwenye mti, jicho, mtutu, ukuta,
mstari mmoja.
"Hii," akasema.
Wanaume husema "hii" upesi sana.

Nikapewa mimi.
Kitako kikanipita kwapani kikatokeza nyuma.
Mkono ulinyooka mpaka ukaisha
na kifyatulio kilikuwa bado safari.
"Ukifyatua hivyo, mama,
mwizi atakimbia, wewe utaanguka."

Ikaletwa fupi.
Ndahani akajikunja kama kiti cha harusini,
pua juu ya dole gumba, ndevu kwenye chuma.
Ikitema, itampiga ngumi ya pua.
Nilicheka, mara ya kwanza tangu hodi ile.

Wakaanza kutafuta ya katikati,
itakayomfaa kila mtu kidogo.
Naijua hiyo ya katikati.
Ndiyo kitanda chetu, miguu yake iko nje;
ndiyo meza yetu, nalia kidevu kikigusa ubao.

Chilongani akaweka kitambaa chini.
"Usiku, nani yuko nyumbani?"

Ndahani akatazama dari.
Nilimwona akihesabu: Singida, Nzega, Kahama,
kurudi, kupakia, kuondoka.
Alihesabu muda mrefu kuliko tulivyohitaji.
"Yeye," akasema.
"Basi tupime yeye."

Nikakunja kiwiko, kitako kikalazwa humo,
penseli ikachora pale kidole kilipotaka.
Fundi akakata vidole vitatu vya mti,
akabandika mpira mweusi, akapuliza vumbi.
Ndahani aliinama, akaokota kipande kilichokatwa,
akakitia mfukoni bila neno.

Njiani niliikumbuka tembe ya mama, Mvumi.
Siku ya posa Ndahani aliingia amejikunja,
na mama, bila kuinuka, alisema:
"Humu kila mtu huanza na kichwa.
Tukimpenda, tunampa mkono.
Tusipompenda, kichwa kimeshafika."
Walicheka. Yeye alikuwa bado ameinama.
Sisi tulijenga kwa tofali na bati,
mlango mrefu, wa kimo chake,
ili mume wangu aingie kwake wima.
Mlango huo ndio waliougonga.

Sasa bunduki iko kwenye sanduku la chuma,
marisau kwenye jingine, funguo shingoni mwangu.
Kile kipande Ndahani amekichonga kabari,
kila usiku nakisukumia chini ya mlango kwa kisigino.
Akiwa nyumbani hukisukumia yeye,
na hurudi kitandani akinigusa bega,
lile la kulia, kama anayeuliza bei.

Juzi, peke yangu, niliitoa, tupu,
nikaiweka begani gizani.
Haikunipita. Haikupungua.
Kidole kilikwenda chenyewe, kikafika.

Nilikaa kitako sakafuni mpaka jogoo akawika.
Nilikuwa nimezoea vitu visivyonifikia.